Kiti cha Gwassi na Mtu wa Hesabu

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua watu wao wa kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Magunga, milimani Gwassi, wakati huo ilikuwa ndani ya Nyanza Kusini, eneo lililoanzia ufuoni mwa Ziwa Victoria, likapanda hadi kwa Abagusii na kuishia kwa Wakuria, mpakani mwa Tanganyika. Eneo hilo lote lilipewa kiti kimoja, na aliyekitwaa ni Lawrence Oguda. Aliingia barazani na wenzake saba: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Ronald Ngala, Bernard Mate na James Muimi.

Kura zenyewe hazikuwa sawa kwa wote. Sheria ilimpima mtu kwanza: elimu yake, kipato chake, mali yake, umri, miaka aliyoitumikia serikali. Aliyetimiza sifa za kutosha aliweza kupewa hadi kura tatu, na aliyezikosa zote hakupewa hata moja. Katika milima ya Gwassi, ambako shule zilikuwa za kuhesabika na pesa za mkononi zilitoka kwa samaki na mifugo, si vigumu kukisia ni wangapi waliofika kwenye sanduku.

Ninaanza na Oguda kwa sababu habari ya John Mbadi Ng'ongo, mbunge aliyetoka milima hiyo hiyo akaishia kushika funguo za Hazina ya Kitaifa, haieleweki vizuri ukiianzia uchaguzi wa 2007. Kuna mambo mawili yaliyotangulia ambayo sharti yasemwe: ardhi yenyewe, na pesa za serikali jinsi zilivyokuwa zikiipita.

Magunga iko milimani Gwassi, upande wa Kaunti ya Homa Bay unaopakana na Migori. Ukitazama chini magharibi unaona ziwa na fuo zake, Nyandiwa ikiwa miongoni mwa zile zinazojulikana sana. Upande wa pili wa milima ni bonde la Lambwe, ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa makao ya mbung'o na malale. Watu walilihama, ng'ombe wakafa, na sehemu ya bonde ikaachiwa wanyama. Leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo swala aina ya korongo bado wanaishi porini. Kwa hiyo mtu wa Gwassi alikuwa na ziwa mbele yake, mbung'o nyuma yake, na njia ya udongo mwekundu iliyopanda kutoka Sindo, ikapita Magunga na kuteremka kuelekea Sori, ng'ambo ya Migori. Mvua iliponyesha, njia hiyo iligeuka utelezi, na bodaboda aliyefunga magunia mawili ya omena, dagaa wa ziwani, nyuma ya kiti aliteremka akaisukuma pikipiki kwa miguu, viatu vikiwa shingoni.

Wenyeji wa asili si Wajaluo, ingawa asilimia kubwa huzungumza Dholuo leo. Ni Abasuba, watu wa jamii ya Kibantu. Mapokeo yao yanasema mababu zao walivuka ziwa kutoka Buganda wakikimbia mapigano ya kugombea kiti cha kabaka, wakatua visiwani Rusinga na Mfangano na katika milima ya bara. Abagwasi walikuwa na usemi wao. Kisha kwa kuoana, kwa soko, kwa shule na kanisa, Dholuo ikaingia hadi jikoni, na Kisuba kikabaki kwa wazee wachache, zaidi visiwani. Lugha ikipotea namna hiyo, hata hesabu ya watu inapotea: kwenye makaratasi ya serikali Msuba alihesabiwa Mjaluo, na shida zake zikahesabiwa kuwa za Nyanza kwa jumla.

Msuba wa kwanza kujulikana duniani alikuwa Mboya. Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo karibu na Thika, baba yake akiwa mnyapara wa shamba la mkonge, lakini kwao ni Rusinga na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kiti chake cha ubunge kilikuwa Nairobi, si ziwani. Lakini alichokifanya akiwa serikalini kiliigusa Gwassi kuliko hotuba zote za wabunge wake. Yeye ndiye aliyeutetea Bungeni Waraka Nambari 10 wa 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa Kenya huru. Waraka ule ulitaka fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale ambapo zingezaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliokwisha kuitikia maendeleo. Matunda yake ndiyo yangesambazwa kwingine baadaye. Kwa nchi maskini iliyotaka kukimbia, hoja ilikuwa na mantiki. Kwa mtu wa Magunga ilimaanisha kungoja. Hakuwa na barabara kwa kuwa hakuwa na uzalishaji, wala hakuwa na uzalishaji kwa kuwa hakuwa na barabara. Ninaamini Mboya, aliyekuwa na akili kali kuliko wengi wa kizazi chake, aliliona hilo. Nani ajuaye angelirekebishaje kama angeishi zaidi ya miaka 38.

Baada yake upande wa Suba ulitoa wabunge wenye sifa tofauti. Peter Nyakiamo wa Mbita alifika kuwa Waziri wa Afya chini ya Moi. Otieno Kajwang', naye wa Mbita, aliingia Bungeni 1997, akawa Waziri wa Uhamiaji katika serikali ya muungano, kisha mwaka 2013 seneta wa kwanza wa Homa Bay. Huyu alikuwa mtu wa jukwaa. Mkutano ukianza kupoa, alisimama akaongoza wimbo wake wa mapambano, na uwanja mzima ukasimama naye. Alipofariki Novemba 2014 watu walimlilia kwa wimbo huo huo. Katika Gwassi yenyewe kulikuwa na Felix Nyauchi, kisha Zaddock Syong'o aliyebebwa na wimbi la muungano wa NARC mwaka 2002.

Mbadi alikuja na kipaji cha namna nyingine. Ni mhasibu, msomi wa shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na siasa yake tangu mwanzo ilikuwa ya tarakimu. Kajwang' alipaza sauti. Mbadi alifungua makadirio ya bajeti. Desemba 2007 watu wa Gwassi walimchagua kwa tiketi ya ODM, na siku chache baadaye nchi ikawaka moto.

Bunge la Kumi lilifunguliwa tarehe 15 Januari 2008, Kenya ikiwa bado inazika watu wake. Wabunge wa ODM walifika wakiwa 99, chama kikubwa kuliko vyote ukumbini, na hawakumtambua Mwai Kibaki kuwa rais. Kazi ya kwanza ilikuwa kumchagua Spika. Saa nyingi zilipotea kwenye mabishano: je, kura ya siri iwe ya siri kweli, ilhali kila upande uliwashuku watu wake? Wabunge wa ODM walizikunjua karatasi zao mbele ya wenzao kabla ya kuzitumbukiza. Raundi ya kwanza haikutoa mshindi, wala ya pili. Katika raundi ya tatu Kenneth Marende wa ODM alipata kura 105 dhidi ya 101 za Francis ole Kaparo. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Mbadi kazini. Na kati ya waliopaza sauti zaidi upande wa ODM jioni ile alikuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini, William Ruto. Msomaji amweke Ruto akilini, tutamkuta mbele.

Mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari ulipozaa serikali ya muungano, wabunge wengi wapya walijikuta wakiwa upande wa serikali bila kuwa mawaziri. Kilichobaki mikononi mwao ni sheria, na Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, yaani CDF, iliyoanzishwa 2003 kwa kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kwa sehemu kama Gwassi hili lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu Waraka Nambari 10 kulikuwa na pesa zilizofika mlimani kwa haki ya kuwapo tu, hata kama mlima haukuwa na rutuba wala lami.

CDF ndiyo iliyobadilisha maana ya mbunge mashinani. Fomu ya basari, kwa mfano, ni karatasi ya kawaida. Mzazi anajaza jina la mtoto, shule, na kiasi cha karo kinachodaiwa. Anakwenda kwa mwalimu mkuu kugongewa muhuri. Anakwenda kwa chifu kugongewa mwingine, na chifu asipopatikana anarudi kesho. Kisha anasubiri hadi orodha ibandikwe ukutani. Watu husogea, mmoja akateremsha kidole juu ya majina taratibu, midomo ikisoma bila sauti. Kidole kikisimama, anajua mtoto atarudi shule. Kikifika chini kabisa bila kusimama, anaanza upya kutoka juu, kana kwamba jina huenda limejificha. Kwa wazazi wengi, mbunge ni kile kidole pale kinaposimama. Mswada aliouchangia hawaujui, na sioni kosa lao.

Katiba ya 2010 iliupanga upya mchezo mzima. Maeneobunge yakawa 290, kukawa na kaunti 47, na Gwassi ikaingia kwenye jimbo la Suba, ambalo baadaye liliitwa Suba Kusini, lenye wadi nne: Gwassi Kusini, Gwassi Kaskazini, Kaksingri Magharibi na Ruma-Kaksingri Mashariki. Mbadi alilitwaa 2013, akalitwaa tena 2017. Ndani ya chama naye alipanda. Februari 2014 uchaguzi wa ODM uwanjani Kasarani ulivurugwa na vijana waliovaa suti nyeusi, masanduku yakapinduliwa, na baada ya aibu ile viongozi walikaa wakagawana nafasi kwa makubaliano. Mbadi aliibuka mwenyekiti wa chama kitaifa. Mwaka 2017 akawa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Kitaifa, akitazamana na Aden Duale wa Garissa Mjini, Kiongozi wa Wengi. Kijana wa Gwassi sasa alikuwa sauti ya upinzani mzima.

Lakini upinzani ule haukudumu mwaka. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na kinara wa ODM, Raila Odinga, walipeana mkono mlangoni pa Jumba la Harambee. Kiongozi wa Wachache akabaki na cheo cha kuipinga serikali ambayo kinara wa chama chake alikuwa ameamua kuiunga mkono. Septemba ya mwaka huo ndipo uzito wa nafasi hiyo ulipoonekana wazi. Ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 juu ya mafuta ulikuwa umeanza kutozwa. Wabunge walikuwa wamepitisha uahirishwe miaka miwili. Rais akakataa, akapendekeza asilimia 8. Kupindua pendekezo la Rais kunahitaji theluthi mbili. Tarehe 20 ukumbi uligeuka makelele, wabunge wakidai sauti zao za kukataa hazikusikizwa, lakini asilimia 8 ikapita, uongozi wa pande zote mbili ukiwa nyuma yake.

Omena huvuliwa usiku kwa taa na mashua, na mashua nyingi siku hizi zina injini inayokunywa petroli. Asubuhi husambazwa kwenye nyavu zilizotandikwa ufuoni, akina mama wakiigeuza kwa mikono hadi ikauke, kisha hupakiwa kwenye pikipiki na matatu, ambazo nazo hunywa petroli. Asilimia nane juu ya lita ilipanda mlima wa Gwassi mara mbili kabla gunia halijafika soko la Magunga. Sisemi Mbadi hakulijua hilo. Mhasibu analijua. Ninasema hapo ndipo alipoanza kubeba hesabu mbili, ya chama na ya mlima, na hazikulingana.

Mei 2021 Bunge la Kitaifa liliupitisha kwa wingi mkubwa mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba, Mbadi akiwa kati ya walioutetea. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaufunga mlango. Mwaka huo huo alitaka kuwa gavana wa Homa Bay. Alizunguka kaunti akijinadi, na watu wa Suba waliona zamu yao imefika. Chama kikaamua vingine. Raila aliwaketisha wagombeaji, na Mbadi akampisha Gladys Wanga, ambaye Agosti alichaguliwa gavana. Mbadi akateuliwa na ODM kuwa mbunge maalum, na Suba Kusini ikamchagua Caroli Omondi.

Kwa miaka 15 Mbadi alikuwa amepanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi ilitegemea karatasi ya kura iliyopigwa milimani. Kuanzia 2022 hakuna mtu wa Magunga aliyempigia kura. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya chama. Alibaki Bungeni, alibaki mwenyekiti, na huenda sauti yake ilisikika zaidi, lakini kidole cha mzazi ukutani hakikuwa tena na njia ya kumfikia.

Mwaka 2023 alikuwa kati ya waliosimama kuupinga Mswada wa Fedha, ule uliorudisha ushuru wa mafuta kwenye asilimia 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Ulipita. Wa mwaka uliofuata haukupita. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga, na mchana huo vijana wakaingia Bungeni. Watu waliuawa kwa risasi barabarani. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Tarehe 11 Julai alivunja Baraza la Mawaziri, na kabla mwezi haujaisha alitaja jina la Mbadi kuwa Waziri wa Fedha. Wale wawili waliokaa upande mmoja usiku wa Marende walikuwa upande mmoja tena. Mbadi aliapishwa Agosti.

Katiba hairuhusu waziri kuwa mbunge. Kwa hiyo alikiacha kiti, akaacha na uenyekiti wa chama, na maisha yake ya kutunga sheria yakaishia hapo, miaka 16 na miezi kadhaa tangu jioni ile ya karatasi zilizokunjuliwa.

Alikuta daftari lenye tundu. Mswada ulipoanguka, kaunti zilizokuwa zimetengewa shilingi bilioni 400 zilikatwa, na baada ya mvutano mrefu wa Seneti na Bunge la Kitaifa zikapata 387. Mwaka uliofuata Hazina ilianzia 405, maseneta wakataka 465, wakakutana kwenye 415. Mtu wa Homa Bay, kaunti inayoishi kwa mgao huo, ndiye aliyekaa upande wa kuubana. Ningependa wasomaji wa ziwani wasimhukumu haraka kwa hilo. Anayelinda mkoba akijua hauna kitu hana uhuru wa kutaja tarakimu nzuri, na Mbadi hakuwa na mazoea ya kudanganya juu ya tarakimu.

Tarehe 12 Juni 2025 alisimama mbele ya wabunge kusoma bajeti ya zaidi ya trilioni 4.2, katika ukumbi aliojua kila kona yake. Aliwasomea watu aliokuwa mmoja wao. Kura ya mwisho juu ya mswada aliouleta ilikuwa yao. Ya Suba Kusini ilikuwa mkononi mwa Omondi.

Wiki sita baadaye, tarehe 24 Julai, aliitwa mbele ya Kamati ya Elimu. Aliulizwa kwa nini shule za upili hazipati pesa kamili. Kwa miaka serikali imesema inamlipia kila mwanafunzi wa shule ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Mbadi alijibu kwamba fedha zilizopo hazifikishi kiasi hicho. Kinachowezekana ni kama 16,900. Nchi ilighadhabika. Viongozi waliharakisha kusema elimu ya bure itaendelea, na yeye akalaumiwa kwa kulisema lililokuwa likitendeka kimyakimya. Mimi namshukuru kwa kulisema. Walimu wakuu walikuwa wakilijua kwa mihula kadhaa, wakikopa maharagwe na kuahirisha mishahara ya wapishi, huku mzazi akiambiwa yote yamelipwa.

Tofauti ni shilingi 5,344 kwa mtoto mmoja. Katika shule ya kutwa yenye watoto 300, ni shilingi 1,603,200 kwa mwaka. Mwalimu mkuu akikosa kiasi hicho huwaandikia wazazi barua, na mzazi akiipata barua hushuka kuchukua fomu ya basari, akaanza safari ya mihuri: kwa mwalimu, kwa chifu, kesho tena kwa chifu, hadi ile orodha ibandikwe ukutani Magunga.